Uwanja wa Makumbi

Kijijini kwetu, kaskazini ya Unguja, Idi ilikuwa na mashindano ya punda. Si mbio. Mpanda alishika kikombe cha maji, punda akaenda mwendo wa haraka, na aliyefika na maji mengi ndiye mshindi. Punda wetu alikuwa mweupe, wa asili ya Maskati. Baba ndiye aliyemfunza ule mwendo laini, lakini kifua kilipomzidi na miguu ikamwisha nguvu, kaka yangu akawa ndiye mpanda.

Baba alikuwa na haja moja tu, amwone punda wake akishindana. Kwenda mbali hawezi. Kwa hivyo ilibidi wapanda wengine waje kwetu.

Lakini uwanja wetu ulikuwa wa mawe. Punda waliumia kwato, na watu wakaanza kusema bora Kiwengwa, bahari ikipwa mchanga wa kule unakuwa mgumu na hauna jiwe. Mwaka wa pili baada ya Mapinduzi kaka akayavunja mawe yaliyochomoza. Yakabaki mashimo. Mama akayafukua makumbi ya nazi aliyoyafukia pwani kwa ajili ya kamba zake, tukayajaza mashimoni, tukamwaga mchanga juu. Nilibeba mchanga mpaka shingo ikakaza. Baba alitolewa nje na kitanda chake, akautazama uwanja, akacheka kwa furaha.

Idi ilipokaribia wakaja wapanda wawili kuukagua. Mmoja, mnene, akavua viatu, akatembea. Katikati akasimama, akakanyaga kwa kisigino. Chini pakabonyea.

"Bwana we," akamwambia kaka, "umetengeneza uwanja au godoro?"

"Mpe na mto alale!" akasema mwenzake.

"Utashika," kaka akajibu. "Ukipata mvua moja tu."

"Ukipata mvua makumbi yatavimba," akasema yule mnene. " Punda akivunjika mguu hapa, nani atambeba? Wewe?"

Hapo akamwona baba, ametolewa nje na kitanda chake. Kicheko kikamkatika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtakuja?"

Yule bwana akavaa viatu vyake taratibu. "Inshallah, mzee."

Hawakuja; mashindano yakahamia Kiwengwa. Siku ya Idi kaka alikataa kwenda huko, baba akamfukuza. "Sikumfunza punda aje kufungwa mnazini. Nenda!" Kisha akataka arudishwe ndani, na mlango ufungwe.

Kaka alirudi jioni. Baba alimuuliza kwanza habari ya uwanja wa kule.

"Umenyooka, baba. Kama mkeka."

"Na punda kaendaje?"

Kaka akainama. "Kaenda kama hagusi chini. Hapa kwetu hajapata kwenda vile."

Vidole vya baba vikachokonoa kamba za kitanda. Mimi nilitamani kaka angesema uongo. Kisha baba akamwita mama.

"Naam."

"Mvua zikianza, panda muhogo pale uwanjani."

Mama akainuka. Alikwenda jikoni, na chakula cha Idi siku ile kilichelewa sana kupakuliwa.