Sita na Yule Mwingine

Siku maziwa ya unga yalipoletwa kijijini kwetu karibu na Kiganjo, mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa memsahib, mzungu aliyeyagawa. Nilikuwa nimeishia darasa la nne, lakini Kiswahili nilikiweza, naye alijua kile cha jikoni tu. Lori lilitoka Ruiru na makopo ya zawadi kutoka ng'ambo. Nikasema, kumbe huko mbali kuna mtu anatuonea huruma. Tayari nilijiona nesi, nimevaa viatu vyeupe.

Wakati huo tulikuwa tumetolewa mashambani kwetu, tukarundikwa pamoja katika kijiji kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa. Kutoka ni kwa ruhusa ya homgadi, wenyeji walioshika silaha upande wa serikali ya mkoloni. Watoto walivimba miguu, nywele zikawa nyekundu.

Jirani yetu alifika mezani akiwa na kitindamimba wake mgongoni, amelegea. Mume wake alikuwa kizuizini.

"Uliza watoto ngapi," memsahib akaniambia.

Jirani akanicheka. "Mwari, binti yangu, kwani watoto ni mbuzi?"

"Tata," nikamwita shangazi kwa heshima, "sema tu, upate maziwa."

Kwetu watoto hawahesabiwi, na saba ndiyo mbaya kabisa. Hutaji saba juu ya watu. Akainama, akaninong'oneza, "Sita. Na yule mwingine."

"Sita," nikasema, nikavuta pumzi nimalizie. Memsahib alikuwa ameshaandika kwenye kadi, anamwita mama anayefuata. Nikaona haya kumkatiza mzungu. Nikajiambia watagawana tu, kikombe kimoja ni nini?

Wiki iliyofuata watoto waliitwa wote wapimwe. Mkubwa wa homgadi akawagusa wa jirani mmoja mmoja kwa fimbo, akihesabu kwa sauti. Jirani alifumba macho fimbo ilipofika kwa yule wa mgongoni.

"Kadi inasema sita. Huyu umeazima wapi? Ama maziwa yake yanaenda kwa wapiganaji msituni?"

"Ni wangu."

"Basi taja una wangapi."

Akaikaza nguo iliyombeba mtoto.

"Ni saba," nikasema. "Kosa ni langu, mimi ndiye niliyetafsiri."

"Na wewe umeahidiwa kikombe?" Wenzake wakacheka.

Nilimgeukia memsahib nikamweleza yote, habari ya saba na ya kunong'onezwa. Alisikiliza kwa upole. Kisha akasema maziwa ni ya watu wasemao kweli, akaikata ile kadi kwa kalamu, wakakosa wote. Jioni hiyo homgadi walikunywa chai nyeupe kama chokaa.

Nilimpelekea jirani uji wetu, mwepesi kama maji. Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Mtoto yule hakufikia mvua. Baada ya mazishi, memsahib alisema jirani anaweza kuandikwa upya. Akauliza kama mwanzo, watoto ngapi, nami nikatafsiri.

"Sita," jirani akasema.

Nikangoja aongeze neno. Hakuongeza.