Neno Alilolisubiri Annis

Asubuhi ile Annis alichemsha mayai. Mvua ilinyesha kidogo, ile ya kwetu ya kila siku.

"Unataka moja au mawili, we mzee?" akaniuliza kutoka jikoni.

"Mawili."

"Daktari kakwambia moja."

"Sasa unaniuliza nini?"

"Nione kama bado unabisha."

Akanipa mawili. Kesho yake alianguka bustanini kwenye kabichi zake, na hakuamka. Tangu hapo hakuna anayeniambia "we".

Huku Yorkshire, kwenye vijiji vya makaa ya mawe, Kiingereza chetu kilikuwa na neno la mtu wako: mke, mtoto, mwenzako wa mgodini, mbwa, hata Mungu ukimwomba. Hilo naliandika "we". Kulikuwa na jingine la heshima, la mwalimu na daktari na kila aliyekuzidi umri. Hilo naliandika "nyinyi", hata kama aliyeambiwa ni mtu mmoja. Mtoto akimwambia babu yake "we", alikula kofi. Lakini mkubwa akimwambia wa nyumbani mwake "nyinyi", alikuwa amemweka nje.

Vijana wamebaki na hilo la nyinyi peke yake, na heshima imeshatoka ndani yake. Mjukuu wetu Jodie anamwambia hivyo mwalimu, mchumba na paka.

"Paka naye kapanda cheo," Annis alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Yeye alijua uzito wa maneno hayo kuliko mimi. Kwenye mgomo wa wachimbaji wa mwaka 1926 baba yake aliwasaliti wenzake, akarudi mgodini kabla yao. Mwaka huo huo mama yangu, Keziah, alizika mtoto wake wa kwanza, aliyekufa kwa njaa ya mgomo. Annis hakuwa amezaliwa, wala mimi. Kwetu jambo kama hilo halizeeki.

Jumapili ya kwanza nilipompeleka nyumbani, mama alitoa kabatini kikombe cha maua, cha wageni.

"Mtakunywa chai na maziwa, Annis?"

Annis alikuwa peke yake kwenye kiti. Masikio yakamwiva.

"Ndiyo, mama. Asanteni."

Tukaoana. Kikombe kikawa kile kile, na neno lile lile. Jirani yetu Lottie, ambaye hakujua kunyamaza, alimuuliza mama mbele yetu sote, "Keziah, huyo ni mkweo au mkaguzi wa mgodi?"

"Nimemkosea adabu?"

"Hujamkosea. Ndiyo ubaya wenyewe."

Binti yetu alipozaliwa, mama alimwinamia kwenye kitanda chake. "We kidude, we mnene, umetoka wapi we?" Annis alikuwa amesimama pembeni, ameshika nepi. Mama akamgeukia. "Mmechoka, Annis. Kaeni."

Mama alipoondoka nilimwambia Annis nitasema naye.

"Usithubutu," akasema. "Neno la kuombwa si neno. Alitoe mwenyewe."

"Asipolitoa?"

"Basi nitakuwa nimelikosa. Lakini nalitaka, Clem. Nisikudanganye."

Miaka ikapita, mama akaishiwa nguvu za miguu. Dada zangu walikuwa Leeds na kazi zao. Annis hakuniuliza, alihamisha viti vya sebuleni kwetu, akamwekea mama kitanda karibu na moto. Alimlisha, alimkata kucha, alimgeuza.

"Mnajisumbua," mama alikuwa akisema, uso ukutani.

"Sisumbuki, mama."

Madaktari walishasema hatauona mwaka mwingine. Annis alisikia kama nilivyosikia mimi. Niliona anakaa mle chumbani zaidi, hata kazi ikiisha.

Jumamosi moja alikuwa anamwosha nywele. Mimi nilikuwa jikoni natengeneza kiatu. Nikasikia maji yakimiminwa, kisha kelele.

"Masikioni! Yanaingia masikioni! We Annis, we mjinga, unataka kunizamisha?"

Nikaiweka nyundo chini.

Halafu mama tena, kwa sauti ndogo: "Haya, endelea basi. Yatapoa."

Annis alimaliza. Alimfuta nywele, akamchana, akamfunika. Hakuharakisha hata kidogo.

Mimi neno hilo nilipewa naye kila asubuhi ya ndoa yetu, kwenye mayai, kwenye soksi chafu, kwenye ugomvi. Sikuliomba wala kulisubiri. Namshukuru Mungu, na namshukuru yeye.

Alitoka mle ndani povu likiwa bado mikononi. Akafunga mlango taratibu mama asisikie, akanishika shati kwa mikono ile ile iliyolowa. Analia, anacheka.

"Umesikia, Clem?" akasema. "Umesikia mama alivyonitukana?"