Mifuniko Nyuma ya Mlango

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mfuniko wa sufuria ulimwangukia mume wangu kichwani akiwa amelala mchana. Alikuwa ametoka kazi ya usiku kwenye tanuru la shaba, nami nilikuwa nimeweka mifuniko yote juu ya kabati, kwa kukosa pengine. "Hii nyumba iko inapiga ngoma," alisema, akageukia ukutani. Nilicheka, lakini moyoni niliona haya.

Tulikaa kambi ya wafanyakazi hapa Lubumbashi, vyumba viwili na jiko dogo ambamo watu wawili hugeuka kwa zamu. Wewe unayeanza nyumba leo utaniambia kwamba mambo yamebadilika. Hayajabadilika. Sufuria huingia ndani ya sufuria, sahani hulala juu ya sahani, lakini mfuniko haukubali kukaa na mwenzake. Ukiulaza unajaza meza, ukiusimamisha unabiringika hadi kwa jirani.

Basi nikaenda zangu soko la Naviundu. Kando ya njia mtu mmoja alikuwa ametandika gunia, anauza misumari iliyonyooshwa, makopo na waya mwekundu mnene. Waya ule ulikuwa wa bei ndogo ajabu, nami nikajiona mwerevu kuliko wake wote wa kambi. Wazee husema rahisi ni ghali, ila ujana una masikio ya pambo tu. Niliukata, nikaukunja kulabu, nikazipigilia ukuta mzima wa jiko, kisha nikazisugua kwa ndimu na majivu mpaka zikang'aa. Kila mfuniko ukapata kulabu yake, na miiko, na chekeche. Majirani walikuja kutazama. Wiki ile shefu wa kambi, mkuu wetu, alikuwa apite nyumba kwa nyumba kukagua usafi, pamoja na mwalimu wetu wa ushoni, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuzisikia sifa zangu.

Ndipo akaingia Mama Kapinga kuomba chumvi. Alikuwa jirani yetu, mama wa Kikasai aliyeuza karanga mlangoni kwake, na aliijua kambi ile tangu mumewe akiwa kijana. Nilimpa chumvi kwenye kipande cha karatasi. Hakuondoka, alisimama anatazama ukuta.

"Mutoto, hii waya umetosha wapi?" aliuliza, yaani nimeutoa wapi.

"Nilipata ku soko, Mama. Bantu bote banasema jikoni yangu iko muzuri kupita ya bengine."

"Njo uzuri wa kufungisha bwana yako," alisema, yaani ndio wa kumtia jela. "Mulinzi wa kampuni hatauliza soko. Atauliza bwana yako anatumika wapi."

Mwanangu, hapo ndipo nikakumbuka mume wangu anafanya kazi wapi. Ule waya ulikuwa shaba. Mfanyakazi wa tanuru akikutwa na shaba nyumbani, nani angesikiliza habari za gunia la Naviundu? Kazi ingekwenda, na kazi ikienda, nyumba inakwenda nayo, na unga wa kila mwezi wa kusonga bukari, ugali wetu, na hospitali. Na mimi nilikuwa na mimba kubwa. Niliogopa kuliko nilivyopata kuogopa maishani. Nikaanza kuzing'oa zile kulabu kwa mikono, nikitaka kuzitupa chooni.

Mama Kapinga akanishika mkono. "Ukificha, njo utakuwa mwizi wa kweli. Tia mu beseni. Usifunike."

Mficha uchi hazai, na siku ile nililielewa neno hilo kwa miguu yangu. Tulivuka kambi nzima kwenda kwa shefu, jua likiwa utosini, mimi nimekumbatia beseni la shaba lililo wazi, yeye kando yangu na chumvi yake mkononi. Watu waliacha kufua wakatutazama. Nilitamani ardhi inimeze, lakini Mama Kapinga alikuwa akisalimia kila mtu kana kwamba tunapeleka maharagwe harusini.

Shefu wa kambi alikuwa mtu mzito, koti lake la abakosti limefungwa vifungo vyote. Nilimweleza mwanzo hadi mwisho.

"Citoyenne, bwana yako anajua?" aliuliza; siku hizo kila mwanamke aliitwa hivyo, yaani raia.

"Hapana, shefu. Iko analala. Hata jikoni hajaingia."

Alichukua kulabu moja, akaigeuza vidoleni. Mama Kapinga akasema, "Shefu, mwizi hapiti mu jua na beseni wazi."

Alitutazama sote wawili. "Acha waya," alisema hatimaye. "Beseni iko yako. Nitakuya kuona iyo jikoni."

Tuliporudi, Mama Kapinga aliuliza kama mume wangu ana mpira wa baiskeli uliokufa. Ulikuwepo. Tuliukata mikanda mirefu, tukaivuta na kuipigilia nyuma ya mlango wa jiko, kisha tukachomeka mifuniko, kishikio nje, ikabanwa kimya. Mablanketi ya wakati wa baridi tuliyashindilia ndani ya gunia la unga lililofuliwa, tukalishona, likawa mto wa kukalia wageni. Chupa tupu tulizifunga shingo kwa kamba moja, tukazitundika kama vitunguu. Hatukutoa hata likuta moja, ile senti yetu.

Mume wangu alipoamka nilimwambia yote. Alikaa kitandani ameshika kichwa. Kisha akauliza, "Na mifuniko iko wapi sasa?" Nikampeleka jikoni, nikafunga mlango ili aone. Akacheka mpaka akafuta machozi, na sijui hata leo yalikuwa machozi ya nini.

Shefu alikuja na mwalimu kama alivyoahidi. Alitazama matundu ya misumari ukutani, akatazama nyuma ya mlango, akavuta mkanda mmoja na kuuachia, ukapiga mfuniko pa!

"Na hii mpira, citoyenne, umetosha wapi?"

Safari hii nilimtazama usoni. "Ku baiskeli ya bwana yangu, shefu. Ona biraka. Njo yeye mwenyewe alibandika."

Alikagua viraka kimoja kimoja, mzee yule, halafu akamwambia mwalimu alete wanafunzi wake waone.

Basi sikiliza, mwanangu. Akiba haiozi, na nyumba ndogo si aibu. Mlango una mgongo, utumie. Kilichokufa kwako kina kazi nyingine, kichunguze kabla hujaenda sokoni. Lakini kabla hujauliza kitu kitakaa wapi, uliza kwanza kimetoka wapi. Na ukikosea, beba beseni lako wazi, mchana, ukiwa na mtu mzima ubavuni.

Nyumba njema si mlango, walisema wahenga. Nami nakuombea hivi: Mungu akupe nyumba ambayo yeyote aweza kuingia bila hodi, akachungulia hata nyuma ya mlango, na wewe ukaendelea kusonga bukari yako.