Barafu Aliyoiombea Restituta

Jua la asubuhi kwenye miguu ya Mlima Hanang hupiga kwa ubavu, na hiyo ndiyo saa anayoipenda Dk. Restituta Qamara. Amepiga magoti ndani ya shimo nyuma ya nyumba ya mama yake, kilemba kimefungwa kisogoni, suruali imeshiba vumbi. Anaokota jiwe, analitemea mate, analifuta kwa kidole gumba, kisha analigeuzageuza kwenye mwanga kama muuza duka aliyepewa noti asiyoiamini. Analiweka. Anachukua lingine.

Njiani anapita jirani yao, mzee Hermani, na maksai wake wawili na plau.

"Shikamoo baba."

"Marahaba Dokta. Rupia za Mjerumani bado hujazifikia?"

"Bado. Nikizipata nakununulia trekta."

"Trekta halitoi samadi," anajibu mzee, anacheka, anapita. Zamani angesimama. Angeulizia chai.

Kitongoji hiki hakiko mbali na Katesh kwa pikipiki, na maneno hapa hayalali njaa. Wapo wanaosema Restituta anatafuta mali iliyofukiwa na Wajerumani. Wapo wanaosema kapewa hela na Wazungu auze mlima. Mama mmoja sokoni aliapa kwamba binti huyu anaongea na mawe kwa sababu hakuna mwanamume aliyekaa kumsikiliza. Habari hiyo ilipomfikia Restituta, mwenye miaka arobaini na minne na asiye na mume, alicheka kwanza.

"Halafu nikaona si uongo sana," anasema. "Ni kweli naongea nayo."

Kazi yake ni kusoma sura ya nchi: bonde limechimbwa na nini, kilima kimerundikwa na nani. Kwa miaka mingi amekuwa akipanda Kilimanjaro kupima barafu inayoyeyuka. Huko hulala kwenye hema, na baada ya wapagazi kushuka hubaki na upepo tu.

"Nachomeka kijiti kwenye barafu. Nikirudi mwaka unaofuata nakikuta kimelala kwenye kokoto. Sasa hapo utamwambia nani pole?"

Kilichomrudisha nyumbani ni tuta. Nyuma ya nyumba ya mama yake kuna tuta refu la mawe, limejikunja kama mkono uliozunguka sahani. Tangu tope liliposhuka mlimani Desemba 2023 na kufukia nyumba na watu, Restituta hajapata usingizi mzuri kwa kuliwaza tuta lile. Nani aliyaleta mawe yale? Enzi za baridi kali, barafu ya milima yetu ilishuka chini kuliko leo, na popote ilipofika iliacha marundo ya mawe. Lakini tope nalo huacha marundo.

"Kama ni barafu, mwizi alishakufa," anaeleza. "Kama ni tope, mwizi yu hai, na njia ya nyumbani kwa mama anaijua."

Mama mwenyewe, Oliva, hataki hata kulisikia neno kuhama. Kaburi la mumewe liko hatua chache kutoka mlangoni.

"Nimwache na nani?" huuliza, na mazungumzo huishia hapo.

Basi Restituta akaiombea barafu iwe ndiyo iliyoyaleta mawe. Wenzake chuoni walimcheka: barafu ishuke mpaka huku chini kwenye mahindi? Yeye mwenyewe alijua ni vigumu. Lakini juu ya tuta aliokota mawe yenye mikwaruzo iliyonyooka, sambamba, ile ile ambayo barafu huchora inapoburuta mawe. Alimwambia mama. Mama akawaambia majirani, waliokuwa wameacha kuja kwa kuogopa kuambiwa wahame. Siku hiyo nyumba ilijaa. Watu walikunywa chai wakiwa wamesimama, viti havikutosha.

Haikupita wiki, Hermani alikuwa analima. Plau ikagonga jiwe, ikalia kwa ukali. Mzee akalitoa na kulitupa juu ya tuta, kama watu wa hapa walivyofanya siku zote kwa mawe yanayowasumbua shambani. Restituta akaenda kuliokota. Mikwaruzo ilikuwa mipya, imenyooka, sambamba.

"Nilikaa chini palepale," anasema. "Mawe niliyoyashangilia yalichorwa na plau. Na mengi ya upande wetu aliyatupa marehemu baba. Nilikuwa naitafuta barafu, kumbe nimeshika kazi ya mikono ya baba yangu."

Aliwaambia majirani ukweli. Nyumba ikawa tupu tena.

Ndiyo maana ya shimo hili: kushuka chini ya mawe ya wakulima, mpaka pale tuta lilipoanzia. Leo sururu inagonga kitu bapa. Restituta anaiweka kando, anatumia mikono. Linatokea jiwe la kusagia nafaka, limelika katikati kama kitanda cha mzee. Juu yake, ndani ya tope lililokauka, bado kuna jiwe dogo la mkononi.

Mama Oliva anafika na kikombe cha chai. Anatazama. Anamkabidhi binti yake kikombe, anashuka shimoni taratibu, anaweka kiganja pale jiwe lilipolika.

"Hakumaliza kusaga?"

"Hakumaliza, mama."

"Na barafu?"

"Barafu ingekuwa imeondoka zamani mno, kabla ya huyu msagaji. Lililomkuta ni tope."

Kiganja cha mama hakijatoka kwenye jiwe. Kisha anasema, "Mwambie mjomba wako Lameck, kule Tumati, asafishe kile chumba. Mvua zisinikute hapa. Ila kaburi la baba yako utakuja kulipalilia wewe."

"Nitakuja."

Mpango wa Restituta ni kuwaonyesha wengine. Alifikiria kuitisha mkutano ofisi ya kijiji. Mama amekataa.

"Ofisini watakuja kubisha. Waite hapa Jumapili, nitapika makande."

"Wasipokuja?"

"Akija mmoja anatosha. Huyo atawasimulia wengine usiku kucha."

Restituta anacheka, kicheko cha kwanza cha leo. "Kumbe kwa mara ya kwanza nataka wanisengenye."

Analifunika jiwe kwa gunia. Mchana mzee Hermani anarudi na maksai wake, na safari hii anasimama penye ua.

"Nasikia Jumapili kuna makande."

"Nani kakuambia, baba?"

"Hapa mtu husubiri kuambiwa?"

Haingii. Analitazama gunia lile kwa muda. Lakini plau ameishusha chini.