Dumu la Ulanzi kwenye Kona za Matamba

Naomba ieleweke tangu mwanzo: mimi sinywi. Nauza vitenge pale sokoni Mlandege, swala tano zangu sizikosi, na ndiyo maana lile dumu la ulanzi walilifunga kwenye keria ya pikipiki yangu. "Huyu ndiye salama," alisema rafiki yangu seremala. Kisha akamgeukia mwenzetu wa tatu, fundi pikipiki, Mnyakyusa mwenye mdomo usiopoa. "Wewe nikikupa litafika tupu."

Safari yenyewe ilikuwa ya seremala. Alitaka kuoa. Binti alishakubali, ila amelelewa na bibi yake huko Matamba, juu ya milima ya Chimala, na bila neno la bibi hakuna harusi. Bibi mwenyewe ni Mhehe wa Kalenga, aliolewa kule juu tangu usichana wake. Tulipopeleka barua ya posa alitusikiliza mpaka mwisho, akakunja mikono, akasema atajibu siku atakapoletewa ulanzi wa kwao, wa mianzi ya kwao, ungali mtamu. "Ukichacha rudini nao. Mimi ni mzee wa kanisa."

Kama hujui ulanzi, sikiliza. Ni maji yanayodondoka kwenye mianzi michanga iliyokatwa; ukigemwa alfajiri ni mtamu, hata mtoto anakunywa. Kufikia jioni umeshakuwa pombe. Na kutoka Kalenga unapita Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, halafu unapanda mlima wenye kona hamsini na saba. Seremala alikuwa hajalala siku mbili kwa wasiwasi.

Saa kumi na mbili asubuhi tulishaondoka Kalenga, pikipiki tatu, dumu limezibwa kwa gunzi la hindi ili lipumue. Jamani, nilifurahi kama mwehu! Nina watoto wanne na kitambi, lakini siku ile nilikuwa napiga vigelegele ndani ya helmeti. Ukungu wa Mafinga, harufu ya misonobari, baridi mpaka meno yanagongana. Fundi kila akinipita anageuka kunitolea ulimi. Tukisimama tu, seremala anakuja mbio, anachomoa gunzi, ananusa, anaonja tone. "Bado mtamu!" Basi watu wazima tunarukaruka pembeni ya barabara kuu, malori yanatupigia honi.

Makambako tukaona gunzi linavujisha. Fundi, bila kumwambia mtu, akalitupa gunzi na kukaza kifuniko cha dumu kwa nguvu zake zote. "Nilikuwa namaliza tatizo," alijitetea baadaye, na Mungu anamwona.

Tulipofika njia panda ya Rujewa jua la Usangu likatupiga barabara. Tukala wali haraka haraka, hata seremala akasahau kuonja, tukasonga mpaka Chimala, tukaanza kupanda. Kona, vumbi, mawe, korongo upande mmoja linakuangalia. Tulikuwa tunazihesabu kwa sauti, watatu sote, na tulikuwa kwenye thelathini na kitu niliposikia, puuu! Nikajua tairi limepasuka. Halafu mgongo ukalowa.

Dumu lilikuwa limekosa pumzi, limechanika ubavu. Ulanzi ulinimwagikia kuanzia kisogoni mpaka kwenye soksi. Mimi! Fundi alicheka mpaka akakaa chini kwenye mtaro. Nilimtukana kwa lugha zote ninazozijua, na nyingine nikazitunga palepale. Kisha nikamwona seremala. Amechuchumaa, amelikumbatia lile dumu lililolala ubavu, hacheki. Ndani vilibaki kama vikombe viwili. Hasira zote zikaniisha.

"Inuka," nikamwambia. "Hata kikibaki kijiko, kitafika."

Tulifika saa tisa alasiri. Bibi alikuwa mlangoni, amejifunika shali mbili. Tukamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanisogelea, akaninusa. "Huyu anayenuka kilabu ndiye yule asiyekunywa?" Fundi akageukia ukuta, mabega yanamtikisika.

Seremala alimmiminia kwenye kikombe cha bati. Bibi akaonja. Akaonja tena.

"Umeanza kuchacha," akasema. Seremala akainamisha kichwa. Roho iliniuma, sikufichi. Lakini bibi alikuwa bado anakitazama kikombe. "Umegemwa lini?"

"Leo alfajiri, bibi."

"Leo?"

"Leo hii hii."

Akasimama. "Miaka yote hii wanangu wananiambia Kalenga mbali, magoti yako, utafia njiani. Kumbe povu la kwetu linafika hapa linachemka!" Alikuwa amekasirika kwelikweli, anapumua kwa nguvu, nasi tumebanana kwenye kochi kama wezi. "Kesho mnanipeleka. Jibu nitalitoa huko huko."

"Lakini bibi, magoti..." seremala akajaribu.

"We seremala, pikipiki inaendeshwa kwa magoti yangu?"

Asubuhi alitoka amevaa suruali ya marehemu mumewe chini ya kitenge, helmeti ya fundi juu ya kilemba. Fundi akajifungia sufuria kichwani mpaka Chimala, tulikomwazimia helmeti. "Mimi napanda na mlevi," bibi akasema, akaja kwangu. Kona ya kwanza alinikaba kiuno, anasali. Kona ya kumi akaachia mkono mmoja. Ya ishirini akaanza kunigonga helmeti: "Kijana, unaendesha au unaisukuma? Ongeza!" Nilicheka mpaka machozi yakanizibia njia. Kila tulipokutana na watu wanapanda mlima na mizigo yao, bibi aliwapungia kama rais.

Kalenga tuliingia jua bado lipo. Alishuka taratibu, akaenda moja kwa moja kwenye mianzi, akaushika mmoja akatulia. Mgema akamkingia kikombe cha ulanzi uliotoka kudondoka. Bibi akanywa amefumba macho, na machozi yakamtoka bila aibu yoyote.

Kisha akamwita seremala. Siku mbili nzima alikuwa anamwita "we seremala" tu, basi maskini akasogea kama anaitwa na mwalimu mkuu. Bibi akampa kikombe kile kile alichonywea.

"Kunywa, mume wangu," akamwambia, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake.

Seremala alikunywa, akapaliwa, akaanza kukohoa na kulia kwa pamoja.