Usawa wa Jinsi ya Nini

Gari la matangazo lilipita kijijini mchana likitimua vumbi. Severina alikuwa juu ya paa la tembe lake, akiziba nyufa kwa udongo kabla mvua hazijaanza. Sauti ya spika ilikuja na upepo ikaondoka na upepo. Alichokidaka ni kwamba Jumamosi, kwenye uwanja wa mpira wa Ikungi, kutakuwa na tamasha la usawa wa jinsi ya. Akatega sikio. Gari likakata kona.

Jinsi ya nini? Mtu hawezi kusema jinsi ya, halafu akanyamaza. Kuna jinsi ya kusonga ugali, jinsi ya kukamua ng'ombe, jinsi ya kumdanganya mke mpaka azeeke. Alishuka akamuuliza jirani yake Scola, na Scola akabahatisha kwamba labda ni jinsi ya kupanda alizeti kwa mistari, maana wataalamu hawachoki na mistari. Severina hakuridhika. Darasani hakukaa hata siku moja, lakini maneno aliyagonga kama mtu anavyogonga chungu sokoni kabla ya kununua, na hili lililia vibaya.

Siku zile alikuwa na jambo jingine kifuani. Shamba la bondeni alilifyeka pamoja na mumewe Laurian walipokuwa vijana, wakang'oa visiki, na minyaa ya mpakani aliipanda yeye akiwa na mimba ya mtoto wao Noel. Baadaye Laurian akamleta mke wa pili, Ritha, kutoka Manyoni, akamjengea nyumba ya tofali za kuchoma na bati jipya. Severina akabaki kwenye tembe. Hilo alilimeza, kwa kuwa alizeti ya bondeni ilimlisha bila kumbembeleza mtu. Sasa Laurian alikuwa amekuja, akasimama mlangoni bila kuketi, akasema mvua zikinyesha maksai wake wataingia bondeni kumlimia Ritha, na Severina atafute pengine. Alipouliza sababu, alijibiwa kwamba mwanamke hana shamba, ana mume mwenye shamba.

Jumamosi alikwenda Ikungi na Scola. Aliyoyaona yalimfanya asahau njaa. Wanawake walivutana kamba na wanaume wa maofisini, wakawaburuza wanaume hao mpaka nje ya mstari wa chokaa. Wasichana walicheza mpira kwa kaptula, na mama zao wakawashangilia badala ya kuwatafutia kanga. Severina alitazama kila kitu kama mgeni aliyeingizwa jikoni kwa watu. Ila kila spika ilipotaja lile neno, ilikomea palepale.

Kisha wakaitwa wanaume wanaojua kupika. Watano wakajitokeza, wakafungwa vitenge kiunoni, na wa tatu alikuwa Laurian.

Scola alimbana mbavu. Severina hakucheka. Tangu waoane, mtu huyu hakuwahi kuepua hata chungu kilichokuwa kinaungua mbele yake. Sasa alichochea kuni, akaonja maji, akamwaga unga wa mtama kidogo kidogo, akausonga ugali mpaka ukang'aa bila donge hata moja. Mshereheshaji alipomuuliza amejifunzia wapi, alijibu kwamba ujanani alipikia kambi ya wajenzi wa barabara. Kumbe mikono ile ilikuwa inajua siku zote.

Laurian akapewa sufuria mpya, akaitwa mume wa mfano. Ritha, aliyekaa mstari wa mbele na mtoto mgongoni, alipiga makofi akitazama chini.

Afisa maendeleo ya jamii, dada mmoja aliyeitwa Asnath, akauliza kama kuna mwenye swali. Severina akasimama. Aliletewa kipaza sauti, akakishika mbali na mdomo kama kitu kinachouma.

"Mnasema usawa wa jinsi ya. Jinsi ya nini?"

Uwanja ukacheka. Asnath hakucheka. Alimweleza kwamba jinsia ni neno moja, limekwisha hapo hapo, maana yake ni kuwa mwanamke au mwanamume, na usawa ni wote wapate haki sawa.

"Nashukuru, mwanangu. Mimi nilikuwa nangoja linalofuata. Kama halipo, nitalimalizia mwenyewe. Usawa wa jinsi ya kugawa shamba." Akamgeukia Laurian. "Mume wa mfano, shamba la bondeni ni la nani?"

Laurian alijaribu kutabasamu. "Mama Noel, hayo ni mambo ya nyumbani."

"Ugali nao ni wa nyumbani, baba Noel, na umeusonga hapa."

Kicheko cha safari hii kilimwelekea mumewe. Laurian aliangalia sufuria, akaangalia wenzake wa kilabuni waliokuwa wakipigana vikumbo kwa furaha, akasema kwa sauti ndogo kwamba shamba ni la mama Noel, nani amesema si lake. Asnath akamwomba arudie kwenye kipaza sauti, mwenyekiti wa kijiji naye asikie. Akarudia.

Njiani kurudi Laurian alimfikia Severina akamwambia kwamba yale yalikuwa maneno ya tamasha, yameishia uwanjani.

"Basi rudi kwenye spika ukayafute," Severina akamjibu, akaendelea kutembea.

Laurian hakurudi. Mvua zilipokuja, maksai walipelekwa upande wa kilimani, na Severina akaingia bondeni na jembe lake la mkono. Alikuwa akifukia mbegu Ritha alipotokea mpakani, mtoto mgongoni, viatu mkononi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Ilimtoka kwa shida.

"Kule kilimani ni mawe, na amesema anapalima kwa ajili yake mwenyewe. Mimi nilime wapi?"

Severina alikuwa na matusi aliyoyahifadhi kwa miaka. Aliyatafuta, akakuta swali la yule binti limekaa mahali pa matusi. Alimchunguza usoni, akitaka kujua kama ametumwa. Akamuuliza alichoambiwa na Laurian. Ritha akasema ameambiwa asubiri kwanza, atafikiriwa.

Mtoto alianza kulia. Severina alinyoosha jembe kuelekea kichuguu kilichokuwa katikati ya shamba.

"Kuanzia pale mpaka kwenye minyaa, panda karanga zako. Lakini dada usiniite."