Dagaa Wadogo wa Meza Yangu

Mama mkwe wangu nilimchukia kwa sababu ya dagaa, na sioni haya kusema. Alikuwa mzaliwa wa pwani aliyeolewa huku juu, na tangu aolewe hakuacha kulalamika. Alihamia kwetu Newala miaka ile biashara ilipoachiwa huru, kila mtu akawa na kimeza chake sokoni. Mimi nilikuwa na cha dagaa. Ndicho kitu cha kwanza nilichowahi kukiita changu, si cha mume wangu wala cha mikorosho yake.

Nilikuwa nauza wale wadogo kabisa, weupe, na watu waliwagombania. Maji kwetu tuliyabeba kichwani kutoka mabondeni, na dagaa mdogo hatolewi kichwa wala utumbo. Unamsuuza mara moja kwa maji kidogo, unamtia chunguni. Tuliamini udogo ule ni aina yake tu. Hakuna aliyetuambia vingine, na wala hatukuuliza.

Siku moja soko likiwa limejaa, akaja mezani kwangu.

"Shikamoo, Mama," nikamwamkia.

"Marahaba," akasema bila kunitazama. Akamwaga dagaa wangu kwenye ungo, akaanza kuchambua mmoja mmoja mbele ya wateja. "Huyu tasi. Huyu kolekole. Huyu pono. Dagaa ni huyu peke yake, mwenye mstari wa fedha ubavuni. Unauza watoto wa samaki, mke wa mwanangu. Wakiisha hawa, mwakani kule pwani watavua nini?"

Nikamjibu kama hataki asile. Kweli hakula. Mbaya zaidi, alizunguka nyumba hadi nyumba na ule ungo, na wateja wakapungua mpaka nikabaki nafukuza nzi. Mume wangu akasema basi nifunge. Niliwatukana wote wawili moyoni.

Nikapanda lori la korosho hadi Mtwara, nikatafute ushahidi wa kumwaibisha yule bibi. Ufukweni nikakuta wanaume wanakokota chandarua, kile kile cha kuzuia mbu, na mwanamke aliyekuwa akiniuzia anajaza ndoo. Visamaki vilikuwa bado vinarukaruka, vingine vidogo kuliko ukucha wangu. Nilikasirika mara mbili, kwa sababu yule mwenye mdomo alikuwa amesema kweli.

Nikanunua kwa mtu mwingine, dagaa waliokomaa, wenye mstari. Nikarudi nikawaanika mezani. Mama mkwe akaja na ungo wake, akachambua weee, hakumtoa hata mmoja.

"Hawa nitawala. Nenda kanipikie."

"Nunua kama wengine," nikamwambia.

Akafungua pindo la kanga, akanunua kisado kizima, akasema kipimo changu kidogo. Wanawake waliokuwa wakitutazama wakasogea nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, na vyombo vyao mkononi. Kimeza changu kikapona siku ile, na ni yeye aliyekiponya. Sikumshukuru. Tumemzika sijamshukuru.